Kabla ya kupanda meli ya kitalii, yasome maneno ya tangazo

Kila ufikapo msimu wa kaskazi, kati ya Novemba na Aprili, bandari ya Mombasa hupokea meli za kitalii. Wakazi wa mji huzitazama kutoka Likoni na bustani ya Mama Ngina zikiingia mlango wa Kilindini polepole, ndefu kama mtaa mzima, zikiwa na madirisha yasiyohesabika. Kwa muda mrefu tulizihesabu kuwa mambo ya wageni. Siku hizi wapo Wakenya, wala si matajiri wakubwa pekee, wanaojiuliza kama nao wanaweza kwenda likizo katika chombo cha namna hiyo, wakapandie Durban, Dubai, Barcelona au Miami. Mawakala wa usafiri wapo tayari kuwauzia tikiti. Vijana wetu nao wanatafuta kazi humo. Kwa hivyo, suala hili si la wageni tena. Ni letu.

Maoni yangu ni haya: likizo ya melini ni jambo jema kwa mtu anayejua alichonunua, lakini lugha inayoiuza imefumwa kwa namna inayomfanya mnunuzi asijue. Mimi ni mwanaisimu, na kazi yangu ni kuyapima maneno. Nikiyasoma matangazo ya safari hizi, ambayo karibu yote huandikwa kwa Kiingereza, naona kwamba ushauri bora ninaoweza kumpa msomaji si wa kumtajia meli ya kuchagua. Ni wa kumwonyesha maneno matano tu ambayo hana budi kuyasoma mara mbili kabla ya kutoa pesa zake. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi na tuulize vimeundwaje, na nani anayelipia.

Kwanza yafaa tutenganishe vitu viwili vinavyoitwa kwa jina moja. Neno letu meli lina asili yake katika neno la Kiingereza la barua za posta, kwa kuwa vyombo vya moshi vilivyofika mwambao vilichukua barua. Meli hizo zilikuwa za kumfikisha mtu aendako. Za kampuni ya British India, mathalani, ziliwachukua abiria kati ya Bombay na Mombasa, na kati ya London na Mombasa, mpaka ndege za jeti zilipowaondolea watu haja ya kukaa baharini kwa majuma. Meli ya kitalii ni kizazi kingine. Mnamo Januari 1891, Albert Ballin wa Hamburg aliituma meli Augusta Victoria katika Bahari ya Mediterania, kwa sababu wakati wa baridi abiria wa kuvuka Atlantiki walikuwa wachache na meli haikupaswa kukaa bure. Waliopanda walilipa ili wazunguke, kisha warudi walikotoka. Tangu hapo, safari yenyewe ndiyo bidhaa.

Tofauti hii ndiyo msingi wa yote nitakayoyasema. Katika likizo ya aina hii unanunua meli, hununui nchi. Mtu anayetamani kuijua Ugiriki na asipande meli. Ataiona Ugiriki kwa saa nane, tena kupitia dirisha la basi. Lakini mtu aliyechoka, au mwenye wazazi wazee wasioweza kubeba mizigo kutoka hoteli hadi hoteli, au mwenye watoto wanaohitaji kulala kitanda kile kile kila usiku, huyo atapata raha ambayo ni muhali kuipata kwingine. Ajiulize kwanza ni yupi kati ya hao wawili.

Sasa tuje kwenye maneno. Neno la kwanza ni "kuanzia". Tangazo husema: siku saba, kuanzia dola kadhaa. Kisarufi neno hili halitaji bei. Lataja mpaka wa chini wa bei. Chumba kinachouzwa kwa bei hiyo aghalabu ni cha ndani kabisa, kisichokuwa na dirisha. Juu yake huja chumba chenye dirisha, kisha chenye roshani, na mwisho vyumba vya wakubwa. Sisemi kwamba chumba cha ndani ni kibaya. Kwa mtu anayeingia kulala tu, chatosha, na giza lake husaidia usingizi. Ninachosema ni kwamba achague mwenyewe, asichaguliwe na kielezi. Aidha, aulize chumba kiko wapi. Anayelevywa na bahari na atafute chumba kilicho katikati ya meli, katika sitaha za chini, mbali na omo na tezi, kwani hapo ndipo mrama huhisika kidogo zaidi. Kisha auangalie mpango wa sitaha: kuna nini juu ya dari ya chumba hicho? Ikiwa ni ukumbi wa dansi, atausikia mpaka usiku wa manane.

Neno la pili ni "kwa kila mtu". Bei hutajwa kwa kila mtu, lakini kwa sharti kwamba watu wawili wanalala chumba kimoja. Anayesafiri peke yake mara nyingi hutozwa nyongeza ya kukikalia chumba peke yake, na huenda akalipa karibu bei ya watu wawili. Mjane, mseja au mwalimu aliyestaafu anayeweka akiba yake kwa kuifuata bei ya tangazo atajikuta pungufu kwa nusu. Kwa upande mwingine, mtu wa tatu na wa nne katika chumba kimoja kwa kawaida hulipa kidogo, na hapa familia yenye watoto hunufaika. Piga hesabu ya chumba kizima. Usipige hesabu ya mtu.

Neno la tatu, nalo ndilo linalowaumiza wengi, ni "yote yamo". Katika meli nyingi yaliyomo ni chumba, chakula cha kumbi kuu, michezo ya jukwaani na bwawa la kuogelea. Yasiyomo ni mengi: vinywaji, hata soda mara nyingi, mikahawa maalumu, intaneti, kufua nguo, picha, matembezi ya nchi kavu, na daktari. Halafu kuna bakshishi. Katika lugha yetu bakshishi ni zawadi itolewayo kwa hiari ya mtoaji. Katika kampuni nyingi zinazohudumia soko la Marekani, bakshishi huwekwa moja kwa moja katika hesabu ya kila abiria, kila siku, watoto wakiwemo. Tuseme ni dola 16 kwa siku. Familia ya watu wanne kwa siku saba italipa dola 448 ambazo hazikutajwa katika bei ya kwanza. Nami sishauri mtu aikatae bakshishi hiyo, kwa sababu nitakazozieleza baadaye. Nashauri aiingize katika hesabu akiwa bado Nairobi.

Melini hakuna anayelipa kwa pesa taslimu. Abiria hupewa kadi, naye huionyesha kila anapochukua kitu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho hufunguliwa asubuhi ya mwisho, masanduku yakiwa yamekwisha fungwa. Dawa yake ni rahisi: kila jioni omba hesabu yako, isome, na ulipinge kosa siku lilipotokea. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Neno la nne ni "kutembelea". Safari ya siku saba hutajiwa bandari tano, na msomaji hufikiri atatembelea miji mitano. Uliza meli itafunga gati saa ngapi na kung'oa nanga saa ngapi. Uliza kama itafunga gatini au itatia nanga nje na kuwapeleka watu pwani kwa mashua, maana foleni ya mashua hula saa nzima, na bahari ikichafuka bandari hurukwa kabisa. Mkataba humpa nahodha uwezo wa kuiacha bandari yoyote, na abiria hana la kudai ila ada ndogo. Uliza pia umbali kati ya bandari na mji. Meli zinazotangaza kwamba zinafika Roma hufunga Civitavecchia, na kutoka hapo hadi Roma ni zaidi ya saa moja kwa garimoshi.

Matembezi yanayouzwa melini ni ghali kuliko ya nje, lakini yana faida moja: yakichelewa, meli huwasubiri wake. Aliyejitafutia gari mwenyewe hasubiriwi. Basi anayependa kwenda kivyake, na mimi naliunga mkono jambo hilo, arudi saa moja kabla ya muda uliotangazwa, na asiifuate saa ya simu yake, bali saa ya meli. Hizo mbili zinaweza kutofautiana.

Hapa sina budi kuwakumbusha Wakenya jambo ambalo matangazo hayawaandikii, kwa kuwa hayakuandikwa kwa ajili yao. Mwenye pasipoti ya Marekani au Uingereza hushuka karibu kila bandari bila kuulizwa. Sisi twaulizwa. Meli inayotoka Italia, ikapita Uturuki, kisha ikarudi Ugiriki, imetoka katika eneo la Schengen na kuingia tena. Viza ya kuingia mara moja haitoshi, yatakiwa ile ya kuingia mara nyingi. Asiyekuwa na hati zote huzuiwa kupanda gatini kwenyewe, na nauli yake hairudi. Kabla ya kulipa, ziorodheshe nchi zote ambazo meli itapita, hata zile usizokusudia kushuka, na uulizie viza ya kila moja kwa maandishi. Isitoshe, usiruke kwa ndege siku ile ile ya meli kuondoka. Fika jana yake. Ndege ikichelewa, meli haina habari.

Neno la tano ni "mgeni". Kampuni hizi huepuka kumwita mtu abiria, humwita mgeni. Ni neno tamu, na kwetu Waswahili lina heshima yake. Lakini sheria ya bahari haimjui mgeni. Inamjua abiria, mwenye tikiti ambayo ni mkataba. Mwaka wa 1991 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua kesi ya mama mmoja wa jimbo la Washington aliyeteleza na kuumia ndani ya meli ya kampuni ya Carnival. Alitaka kushtaki kwao. Mahakama ikasema tikiti yake iliandikwa kwamba madai yote yatasikizwa Florida, upande wa pili wa nchi, na kwamba maandishi hayo yalimfunga. Ikiwa Mmarekani alifungwa hivyo ndani ya nchi yake, Mkenya atafungwa vipi? Meli nyingi, zaidi ya hayo, hupeperusha bendera za Bahamas, Panama, Malta au Bermuda, hata kama wenye mali wako kwingine. Yasome maandishi madogo, kisha ununue bima inayolipia matibabu ya melini na gharama za kusafirishwa mgonjwa kutoka baharini. Waliokuwamo katika Diamond Princess mnamo Februari 2020, ilipozuiliwa Yokohama na korona ikawapata zaidi ya watu 700 kati ya 3,700 hivi, walijifunza kwamba nyumba ya starehe yaweza kugeuka karantini kwa siku moja.

Abiria ana wajibu pia, na wa kwanza ni kuhudhuria zoezi la usalama. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012 Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na zaidi ya watu 4,200. Watu 32 walikufa. Mamia ya abiria waliokuwa wamepanda siku hiyo hiyo hawakuwa wamefanyishwa zoezi lolote. Baada ya hapo kanuni za kimataifa zilibadilishwa, na tangu 2015 zoezi hufanywa kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Karibu na kwetu zaidi, Agosti 1991, meli Oceanos ilizama katika pwani ya Afrika Kusini. Nahodha na maafisa wake walitangulia kuondoka, na baadhi ya waliobaki kusaidia uokoaji walikuwa wanamuziki wa meli. Watu wote, zaidi ya 500, waliokolewa. Sisemi haya ili kumtisha mtu, kwani ajali kama hizi ni chache. Nasema ili msomaji asiende kuota jua wakati wengine wanaonyeshwa mahali pa kukutania na namna ya kuvaa jaketi la kujiokolea.

Hayo ni ya mnunuzi. Lakini kuna watu wengine wawili ambao tangazo haliwataji, nao ni mwenyeji na baharia. Wote wawili ni sisi.

Kiswahili chasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji wa meli ya kitalii anapona? Mtalii wa hoteli hulala mjini, hula mjini, na pesa zake hupita katika mikono ya mpishi, mvuvi, dereva na muuza matunda. Mtalii wa melini hulala na kula melini. Asubuhi hushuka, hupandishwa gari kwenda Tsavo Mashariki au huzungushwa Fort Jesus na Mji wa Kale, hununua kinyago, na jioni amekwenda. Sehemu ya pesa alizolipia matembezi hayo imebaki melini. Kwa sababu hiyo natofautiana na wale wanaopima mafanikio kwa idadi ya vichwa vilivyoshuka gatini. Meli Icon of the Seas, iliyoanza kazi Januari 2024, yaweza kuchukua abiria 7,600 na mabaharia zaidi ya 2,000. Umati wa namna hiyo ukishushwa kwa saa sita mahali kama mji wa kale wa Lamu, haumponyi mwenyeji, unamziba njia. Venice ilikwisha kuona hayo, na tangu Agosti 2021 meli kubwa zimekatazwa kupita katika mfereji wa Giudecca mbele ya mji.

Sipendekezi tufunge mlango. Napendekeza tupime vizuri. Wakuu wa bandari na kaunti na waulize ni pesa ngapi zilizotumiwa nchi kavu, wala si watu wangapi walioshuka. Na wazipendelee meli zinazolala usiku mmoja au miwili kuliko zinazopita mchana mmoja. Wachongaji, waongozaji na wapishi wa mjini na wapewe nafasi ya kuuza pale pale kituo cha abiria, kwa bei zilizobandikwa. Nasi tunapokuwa wageni wa watu wengine, tutende vivyo hivyo: tule angalau mlo mmoja mjini, tumtafute mwongozaji wa mji mwenye kibali, tununue kwa aliyetengeneza.

Wa mwisho ni baharia. Kijana anayetandika kitanda chako melini hufanya kazi siku saba kwa juma, kwa mkataba wa miezi kadhaa mfululizo. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 2014, unataka apumzike kwa jumla ya saa zisizopungua 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Ukizitoa saa hizo, utaona ni ngapi zinazoruhusiwa kubaki kazini. Kwa wengi wao bakshishi ni sehemu ya mshahara, na ndiyo sababu nilisema usiikatae. Mlaumu mwandishi wa tangazo aliyeificha, usimwadhibu mfagiaji.

Kwa wazazi ambao watoto wao wanatafuta kazi hizi nina neno moja. Mkataba huo huo unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumpatia kazi. Gharama zinazoweza kuwa juu yake ni za cheti cha afya, kitabu cha ubaharia, pasipoti na nyaraka za safari za namna hiyo. Anayedai maelfu ya shilingi "ya kushika nafasi" anavunja kanuni, na yamkini hana nafasi yoyote ya kushika. Kabla ya kuuza ng'ombe au kipande cha shamba, nenda katika Mamlaka ya Bahari ya Kenya ukaulize kama wakala huyo ana leseni.

Naam, bahari ni yetu tangu enzi za majahazi. Manahodha, masarahangi na mabaharia wa mwambao huu waliyajua majira ya kusi na kaskazi kabla ya meli yoyote ya anasa kuundwa. Hakuna sababu ya Mkenya kuogopa kupanda meli kwa starehe, wala hakuna sababu ya kupanda akiwa amefumba macho. Chukua tangazo, chukua kalamu, ukitie alama kila kielezi, kisha umwulize wakala maswali yako na umtake ajibu kwa maandishi. Akikataa, ziweke pesa zako. Mwezi ujao ataleta tangazo jingine.